Mguu Ulikuwa Baridi, Ugonjwa Ulikuwa Moyoni

Julai ya mwaka 2024 nilikwenda Mpunguzi kumsalimia mama mdogo. Nilifika Ijumaa jioni, nia yangu kurudi mjini Jumapili. Wanaoijua Dodoma wanalijua baridi la mwezi ule. Mchana jua linawaka kama kawaida, likizama tu upepo unavuma usiku kucha na blanketi moja halitoshi. Zabibu zilikuwa zimeanza kubadilika rangi shambani, mavuno yakisubiriwa Agosti.

Saa tisa usiku nikasikia ananiita. Nikadhani anataka maji. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kulia ameushika kwa mikono miwili chini ya goti kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

"Mwanangu, huu mguu umekufa ganzi. Halafu unauma kama unakatwa."

Niliushika. Ulikuwa wa baridi kama mtungi wa maji, kuanzia hapo kwenye goti kushuka hadi vidoleni. Ule wa kushoto ulikuwa na joto la kitandani. Tofauti ile niliigusa kwa mkono wangu mwenyewe, na bado sikuielewa. Nilichokiona mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, usiku wa baridi, mguu umepata baridi. Nikawasha jiko la mkaa, nikachemsha maji, nikajaza chupa mbili, nikazifunga kwenye kanga na kuziweka kwenye unyayo. Nikachukua dawa ya kuchua, nikamchua shavu la mguu kwa nguvu zangu zote. Nikamwekea mto chini ya mguu ili upumzike.

"Ongeza moto," akaniambia. "Sisikii kitu."

Nikaongeza moto.

Nimeandika habari hii kwa sababu ya maneno yale mawili, "sisikii kitu". Mtu anayewekewa chupa ya maji ya moto kwenye unyayo halafu anasema hasikii kitu anakwambia jambo kubwa. Kulipokucha, nilipoondoa kanga, unyayo ulikuwa na lengelenge kubwa kama yai. Nilikuwa nimemuunguza, na hakuwa na habari.

Asubuhi ilipita kama zinavyopita asubuhi nyingi za ugonjwa vijijini kwetu, kila mtu akija na lake. Baba mdogo alisema ni baridi. Jirani mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba juzi mama mdogo alipita njia panda akitoka mashineni, na mtu anayemwonea wivu kwa ajili ya zabibu anaweza kuwa amemtegea kitu, akakanyaga. Alikuwa na jina la mganga tayari. Tukaamua kwenda kwanza kituo cha afya, ambacho sitakitaja. Pale aliangaliwa haraka, mguu haujavimba, hauna kidonda zaidi ya lile lengelenge, hakuanguka, hakupigwa. Tukaambiwa ni misuli. Akachomwa sindano ya maumivu, akapewa vidonge, tukarudi nyumbani. Sina kinyongo na aliyemhudumia. Nami nilikuwa nimeushika ule mguu saa tisa usiku na sikuona zaidi yake.

Kilichomwokoa ni mama mmoja muuguzi mstaafu, jirani wa nyumba ya nne, aliyekuja saa sita mchana kutoa pole. Sote tunamwita Bibi Nesi. Hakuuliza mengi. Alipiga magoti, akavua kitenge kilichofunika miguu, akaangalia nyayo zote mbili kwa pamoja. Hilo hakuna aliyelifanya tangu usiku. Kwa ngozi zetu hizi nyeusi, weupe wa mguu uliokosa damu hauonekani juu, unauona kwenye unyayo na kwenye kucha. Unyayo wa kushoto ulikuwa na wekundu wake. Wa kulia ulikuwa umepauka kama majivu, na karibu na kifundo yalishaanza mabaka ya rangi ya zambarau. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha kushoto, ukawa mweupe, akauachia, damu ikarudi papo hapo. Akabonyeza wa kulia. Tukasubiri. Ukabaki vilevile.

Kisha akaweka vidole viwili juu ya mguu wa kushoto, pale katikati ya mgongo wa mguu, kwenye mstari unaotoka kati ya kidole gumba na kinachofuata. Akafumba macho. Akahamia nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Akafanya hivyohivyo mguu wa kulia, akakaa muda mrefu zaidi.

"Huku kunacheza," akasema. "Huku kimya."

Akauondoa ule mto niliouweka. Akasema mguu uliovimba ndio unaoinuliwa. Mguu uliokosa damu usiuinue, kwa sababu hicho kidogo kinachofika kinapanda mlima. Akamwambia baba mdogo atafute gari sasa hivi, mambo ya mganga tutayazungumza kesho. Likapatikana kirikuu la kubebea zabibu. Tukatandika godoro nyuma, mama mdogo akalala, mimi nikamshika kichwa. Kutoka Mpunguzi hadi mjini si mbali. Hilo ndilo linaloniuma, umbali haukuwa kikwazo chetu. Saa zote zile tulizipoteza tukiwa tumekaa.

Mjini, kwenye hospitali kubwa, daktari wa zamu alifanya kile alichofanya Bibi Nesi, kwa vidole vilevile, kisha akaleta kifaa kidogo cha dopla, kinachosikiliza damu inayotembea ndani ya mshipa. Mguu wa kushoto ulitoa mvumo, fwush, fwush, fwush. Wa kulia kifaa kilikwaruza tu kama redio iliyopoteza stesheni. Akapanda juu hadi kwenye kinena. Pale kulikuwa na mapigo, tena makali. Akasema, "Damu inafika hapa, haipiti." Akaagiza sindano ya heparini ichomwe mara moja, ili damu isiendelee kuganda nyuma ya kile kilichoziba. Akaomba kipimo cha umeme wa moyo.

Hapo ndipo baba mdogo alipouliza swali ambalo nami nilikuwa nalo. Mguu ndio unaouma, moyo unapimwa wa nini?

Daktari alikuwa ameshaambiwa kwamba wanalima zabibu. Akamuuliza, "Mzee, shambani mnamwagilia kwa mipira ya matone?" Baba mdogo akaitikia. "Tundu la mwisho likiziba, uchafu ule ulizaliwa pale kwenye tundu?" Baba mdogo akasema hapana, uchafu unatoka kwenye tanki. "Basi tanki la mama ni moyo," daktari akasema, na kuondoka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji.

Nimetumia miezi kadhaa tangu siku ile kujifunza jambo ambalo daktari alilisema kwa sentensi moja. Damu ikitoka upande wa kushoto wa moyo inaingia kwenye mshipa mkuu, mnene kuliko kidole gumba, na kutoka hapo mishipa inagawanyika, inakuwa miembamba, inagawanyika tena. Mishipa hiyo inayotoa damu moyoni ndiyo ateri. Bonge la damu lililoganda ndani ya moyo likibanduka, linasukumwa na mkondo wa takribani lita tano kwa dakika. Kufika mguuni ni suala la sekunde. Linasafiri bila kizuizi maadamu mshipa ni mpana kuliko lenyewe. Likifika mahali mshipa unapogawanyika, njia inakuwa nyembamba ghafla, na hapo ndipo linapokwama. Kwa mguu, mahali panapoongoza ni kwenye kinena, pale ateri ya paja inapogawanyika mara mbili. Panapofuata ni nyuma ya goti. Jirani yetu alisema tatizo lilianzia njia panda. Njia panda ilikuwepo kweli, ilikuwa kwenye kinena.

Kujua kwamba bonge husafiri ni elimu ya karibuni kuliko nilivyodhani. Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, kijana wa Berlin katika miaka ya 1840, alifungua maiti baada ya maiti na kukuta mabonge kwenye mishipa ya mapafu ambayo hayakuonekana kuanzia pale. Mishipa ilikuwa mizima, bonge limekaa ndani yake kama mgeni. Akafuatilia nyuma, akakuta mengine yaliyofanana nayo kwenye vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, akaonyesha kwamba kipande kilikatika huko na kubebwa na damu. Yeye ndiye aliyelipa jambo hilo jina la emboli. Namheshimu mtu huyu kwa kukataa kuamini kwamba ugonjwa umezaliwa pale ulipokutwa.

Nieleze hapa tofauti moja, kwa sababu watu wengi wanachanganya. Bonge linaloganda kwenye vena ya mguu, kama baada ya kujifungua, au kulala muda mrefu hospitalini, au safari ndefu ya basi, hufanya mguu uvimbe, uwe na joto, uwe mzito. Likikatika linarudi na damu upande wa kulia wa moyo na kuishia mapafuni, mtu anabanwa kifua na kuishiwa pumzi. Ni hatari vilevile, ila njia yake ni nyingine. Bonge linalotoka upande wa kushoto wa moyo haliendi mapafuni. Linakwenda popote ateri inapokwenda. Likiingia mguuni, mguu unapoa na kupauka bila kuvimba. Likiingia kwenye mkono, mkono. Likiingia kwenye utumbo, tumbo linauma vibaya mno ghafla huku ukilibonyeza ni laini. Likipanda shingoni na kuingia kwenye ubongo, mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, maneno yanapotea, na hicho ndicho kiharusi. Takribani mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa, na kwa hao bonge la vena linaweza kuvuka upande. Lakini kwa miguu na mikono inayoziba ghafla namna hii, mara nyingi chanzo ni moyo wenyewe.

Upasuaji ulianza saa tisa alasiri. Zilikuwa zimepita saa kumi na mbili kamili tangu aniite. Madaktari huzitaja saa sita kama muda ambao mguu uliofungiwa damu kabisa unaweza kuvumilia, ingawa si kisu kinachokata saa sita kamili. Inategemea kama kuna vijia vya pembeni vinavyopenyeza damu kidogo. Neva ndizo zinazolalamika kwanza, ndiyo maana ya ile ganzi. Kisha misuli. Ngozi ndiyo inayodumu zaidi. Kwa hiyo kituo cha afya kilipoangalia ngozi saa mbili asubuhi na kuiona nzima, ngozi ilikuwa inasema kweli kuhusu ngozi tu. Chini yake misuli ilikuwa inakufa.

Walimchoma ganzi ya sehemu, wakapasua kinena kidogo, urefu wa kidole, wakaufungua mshipa. Kifaa kinachotumika ni mpira mwembamba kama waya wenye kiputo kwenye ncha. Unapitishwa ukiwa umesinyaa, unapenya bonge na kulivuka, kisha kiputo kinajazwa maji ya chumvi na kuvutwa taratibu, kikikokota bonge nyuma yake hadi nje. Kabla ya kifaa hiki mshipa ulipasuliwa mahali pengi, na wengi walipoteza mguu au maisha. Aliyekibuni ni Mmarekani, Thomas Fogarty, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado katika mafunzo ya udaktari. Alikata ncha ya kidole cha glovu ya upasuaji na kuifunga kwenye mpira wa mkojo kwa mafundo aliyozoea kufunga kwenye ndoano za kuvulia samaki. Siku ile nilikuwa sijui jina hilo. Leo kila nikiona mvuvi anafunga nyuzi, namkumbuka.

Baada ya upasuaji daktari alitoka na bakuli la chuma. Akatuuliza kama tunataka kuona, baba mdogo akasema ndiyo. Kilikuwa kipande cheusi chenye wekundu kwa mbali, kinang'aa kama ini la kuku, chenye umbo la panda: shina nene na matawi mawili, kwa vile kilikuwa kimechukua umbo la mahali kilipokwama. Ncha moja ilikuwa ya kijivu, ngumu zaidi. Daktari akaigusa kwa koleo na kusema, "Hii ndiyo iliyotoka moyoni. Hii nyeusi yote imeganda nyuma yake leo." Yale matawi meusi tuliyakuza sisi, tukiwa Mpunguzi, tukingoja.

Damu iliporudi, mguu haukushukuru mara moja. Misuli iliyokaa na njaa ikavimba ndani ya mfuko wake usiotanuka, usiku huohuo ikabidi apasuliwe shavu la mguu pande mbili, ngozi ikaachwa wazi ili misuli isijibane yenyewe hadi kufa. Mkojo ukatoka wa rangi ya chai ya rangi, taka za misuli iliyokufa zikipita kwenye figo, akatundikiwa maji mengi kuziosha. Vidole viwili vya mwisho vikawa vyeusi na vikavu, vikakatwa wiki ya tatu. Lengelenge langu la unyayo lilikuwa kidonda kilichochelewa kupona kuliko vyote. Anatembea, kwa fimbo, na unyayo wake unaburuta kidogo. Mguu anao.

Kuhusu moyo. Kipimo cha umeme kilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio, vyumba vya juu vikiwa havikazi kwa nguvu, vinatetemeka tu. Kitaalamu wanaiita fibrilesheni ya atria. Damu inayotetemeka bila kusukumwa inatulia kwenye pembe, na damu iliyotulia huganda. Kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, kikatoa mengine: vali, yaani mlango wa damu, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto imekuwa nene na nyembamba njia yake, chumba cha juu kimetanuka, na ndani ya kijipembe chake limo bonge jingine.

Daktari wa moyo akamuuliza kama utotoni aliwahi kuugua koo mara kwa mara, kisha maungo yakavimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Alisema bibi, mama yao, alimwita "mzee" akiwa darasa la nne kwa sababu ya kulalamika viungo. Mafindofindo yalimsumbua miaka na miaka. Alisukutua maji ya chumvi, yakapita. Kumbe bakteria wa koo wakiachwa wanaweza kuufundisha mwili kupigana, na mwili ukaishia kupigana na vali zake wenyewe. Ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na kwetu Afrika Mashariki bado ni sababu kubwa ya vali mbovu kwa watu wenye umri wa kufanya kazi. Mtoto akishaugua mara moja homa ya rumatiki, ile ya viungo kuuma baada ya koo, kinachomkinga ni sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Ni dawa ya bei ndogo mno. Nilipolisikia hilo nilitoka nje ya wodi nikakaa kwenye benchi la saruji, kwa sababu nilikuwa nikikumbuka mimba zake tatu, jinsi alivyokuwa akihema kupanda hata kilima kidogo, na sisi tukisema ni presha ya mimba.

Mapigo hayo yasiyo na mpangilio peke yake huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Yakikutana na vali iliyosinyaa kwa rumatiki, uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa Framingham, Marekani, ulikuta hatari inafika mara kumi na saba. Kwa hiyo ilipangwa aanze warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku jioni, na kupima INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Yake inatakiwa kukaa kati ya 2 na 3. Ikishuka, bonge linaweza kukua. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu ndani.

Binamu yangu anayeishi Dar aliuliza kwa nini asipewe vidonge vipya visivyohitaji kupimwa damu kila mara. Ni swali zuri na nililipeleka kliniki. Kwa ugonjwa huu hasa, wa rumatiki, jibu lipo: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, wenye maelfu ya wagonjwa wakiwemo wa Afrika, ulikuta waliotumia dawa za aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya vidonge hivyo vipya. Hivyo tunabaki na warfarini na kuchomwa sindano ya kipimo.

Kijijini kulikuwa na shida nyingine. Mtu alisoma kwenye simu kwamba warfarini ni sumu ya panya, habari ikazunguka Mpunguzi kwa siku moja, baba mdogo akataka dawa isimame. Nikamweleza kisa chake chote, nikaona uso wake unabadilika, maana ni mfugaji. Marekani na Kanada, miaka ya 1920, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu, aliyehasiwa damu haikatiki. Ikaja kujulikana wamekula majani ya malisho yaliyooza kwa unyevu. Mkemia Karl Link wa Wisconsin na wenzake wakakichuja kitu kile kwenye majani, na kutoka hapo ikatengenezwa warfarini. Ni kweli iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, kwa vipimo vidogo vinavyofuatiliwa. Baba mdogo aliniuliza mara mbili kuhusu yale majani, yalikuwa na harufu gani, yalikuwa ya aina gani. Hakuzungumza tena habari ya kusimamisha dawa.

Halafu mlenda. Hapa nitakaa kidogo, maana vipeperushi vinavyogawiwa haviandikwi na mtu anayekula ugali wa uwele kwa mlenda siku sita kwa wiki. Majani ya kijani yana vitamini K, nayo ndiyo inayopingwa na warfarini. Mama mmoja kwenye foleni ya kliniki alimwambia mama mdogo aache mboga za majani kabisa. Akaacha, akakonda, INR ikapanda hadi 4.8 na fizi zikaanza kutoa damu. Daktari alisikitika. Akamwambia ale mlenda wake, ila ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na yeye atapanga dozi kufuata mlenda, kuliko mlenda kufuata dozi. Ikatulia. Kisha mvua zikanyesha Desemba, mashamba yakajaa mlenda mbichi, mchicha, majani ya kunde, na yeye akala kama kila mtu Ugogoni anavyokula mvua zikija. Januari INR ikawa 1.6. Hakusahau kidonge hata kimoja. Sasa tumekubaliana mvua za kwanza zikinyesha tunakwenda kupima mapema, na majani yaliyokaushwa yakianza kuisha kiangazi tunapima tena.

Jingine ni duka la dawa. Metronidazoli tunayonunua tukiharisha, au kotrimoksazoli ya kikohozi, huipandisha INR. Diklofenaki ya maumivu inaongeza kuvuja damu tumboni. Kadi yake ya warfarini sasa imefungwa kwenye nailoni na inakaa kwenye pochi moja na simu, anaitoa kabla hajasema anaumwa nini.

Muuguzi wa kliniki alimfundisha kupima mapigo ya mguu wake mwenyewe. Akishaamka anakaa ukingoni mwa kitanda kilekile, anaweka vidole viwili juu ya mguu wa kulia. Mwanzoni alisema hayapo, akanipigia simu akilia saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa amebonyeza kwa nguvu mno, akayafunga mwenyewe. Kuna watu wazima wa afya ambao mapigo ya juu ya mguu hayashikiki kabisa, ndiyo maana unapima miguu yote miwili na nyuma ya kifundo pia. Amewafundisha wajukuu. Nilipokwenda mwezi uliopita nilimkuta mdogo wao wa miaka saba amemshika jirani mguu, yule jirani wa mganga, akimwambia atulie.

Vali bado. Inaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, bila kufungua kifua, lakini haifanyiki wakati bonge limo ndani ya chumba cha juu, kwa sababu puto linaweza kulibandua. Oktoba tulikwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa treni ya SGR, yeye dirishani njia nzima akitafuta Kidete, stesheni ya njiani aliyoijua utotoni. Eko ilionyesha bonge limepungua, halijaisha. Wakasema tuendelee na warfarini, INR ikae mahali pake, turudi.

Tunarudi Jumanne ijayo. Tiketi nimeshakata. Zabibu za msimu huu zimeanza kukatwa tangu wiki iliyopita, na mama mdogo amenitumia ujumbe kwamba nitafute kikapu chenye mfuniko, kwa sababu alimuahidi muuguzi wa chumba cha eko kilo mbili.